Flashi ya Mteja
Katika stesheneri za Bukoba na Muleba, barua ya kuomba kazi, fomu ya mkopo na mtihani wa shule ya kata vyote hupitia tundu lile lile la flashi, na virusi navyo hupita humo humo. Mteja akikuta mafaili yake yamegeuka njia za mkato, mara nyingi kazi yake haijapotea, imefichwa tu. Lakini fundi mwenye haraka hufomati flashi na kufuta jasho la mwaka mzima. Hilo linauma, maana kuskani kwanza na kuonyesha mafaili yaliyofichwa ni kazi ya dakika chache. Shida nyingine ni bando: wengi huzima masasisho ya Windows ili lisiishe. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta katika nchi takriban 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa yake tangu Machi. Wengi wa waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Fundi anayemzimia mteja masasisho ili kumwokolea bando anamuuzia hatari, hata kama nia yake ni njema. Halafu kuna vitambulisho vya taifa vya NIDA vilivyoskaniwa na kuachwa kwenye kompyuta ya dukani, kila ajaye avione. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika 1 Mei 2023; nakala hizo zifutwe, na pipa la taka la kompyuta limwagwe, kabla mteja anayefuata hajakaa.