Kibali cha Kilimanjaro si ulaji

Kaa kijiweni Moshi dakika kumi tu, utaisikia: mlima ni wa Mungu, kibali ni ulaji. Eti Mtanzania mwenye miguu mizima na koti zito ana haja gani ya kusaini getini Marangu, au kufuatana na mtu wa kumwonyesha mlima aliozaliwa akiuona? Ikikaribia tarehe 9 Desemba, watu wanapojipanga kupanda kusherehekea Uhuru, maneno hayo ndiyo hupamba moto.

Ni maneno matamu, na ni upuuzi.

Kambi ya Kibo iko mita 4,720. Kilele mita 5,895. Karibu mita 1,200 hizo hupandwa usiku mmoja, kwenye baridi inayogandisha maji ndani ya chupa. Hewa ya huko haiulizi uraia. Mapafu yakianza kujaa maji, au ubongo ukivimba, tiba ya kwanza ni kushuka, na mgonjwa ndiye wa mwisho kukubali: anayumba, anajibu ovyo, bado anasema twende. Wa kumgeuza ni yule kiongozi anayeitwa mzigo. Na kila kambi ina daftari lake: jina, umri, uraia, jina la kiongozi. Waokoaji wakiitwa usiku, wanaanzia hapo. Aliyepenya kichochoroni hayumo.

Kuna na mizani. Getini mgumu, yaani mpagazi, hutundika mzigo wake; mwisho kilo 20, ukizidi unapunguzwa. (Huko juu mizigo huongezeka tena wenzake wakirudishwa chini, na hilo nalo lisemwe.) Kwa kijana anayebeba mahema na mitungi ya gesi ya watu, mizani hiyo ndiyo kitu pekee pale getini kilicho upande wake. Futa kibali, umeifuta nayo.

Mmesahau Oktoba 2020? Moto ulianzia eneo la Whona huko mlimani, na maelezo ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yalikuwa kwamba wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu, wanafunzi wakiwamo, walipandishwa kuuzima, na bado uliwaka kwa siku kadhaa. Kama jiko la watu wanaojulikana walipo lilifanya hayo, niambieni la watu ambao hakuna anayejua wamelala wapi.

Ada? Mgeni wa kutoka nje hulipa dola 70 kwa siku, kabla ya kodi, kwa uhifadhi tu. Mwenyeji hulipa shilingi chache. Tuulizane fedha hizo zinafika vijiji gani, sawa, lakini hilo ni swali la matumizi, si la kibali.

Mwenye haki ya kulalamika yupo, ila hashindi kijiweni. Ni mama wa Kichagga mwenye ng'ombe asiyetoka bandani. Ukanda wa Nusu Maili, sehemu ya msitu ulio juu ya vijiji, ulitengwa enzi za mkoloni ili wenyeji wapate kuni na majani. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa, ikaumeza msitu huo, naye akawa anaviziana na askari kwa mzigo wa majani. Huyo namtakia karatasi yake ya kibali mkononi, inayotaja siku, eneo na kiasi, ili askari mpya akihamia asiuanze ugomvi upya.