Mwanafunzi wa Sanaa Asiishie Mlangoni

Ifikapo Mei ya kila mwaka, vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wengi waliopanga vyumba Kahawa Sukari, Kahawa Wendani na Githurai, ambao aghalabu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kilicho jirani, huonekana wamevaa nadhifu na kushika bahasha zenye barua iliyopigwa muhuri, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi, ile atachi ambayo pasipo hiyo shahada haikamiliki. Mwenye kusomea uhasibu huipeleka barua yake benki, na mwenye kusomea uhandisi huipeleka kiwandani, Ruiru au Thika. Walakini yule aliyejitia katika muziki, au tamthilia, au uchoraji, hukaa na barua yake mkononi asijue aelekee wapi, na mwishowe, akijaliwa, hupokelewa na jumba fulani la sanaa la jamii, lenye ukumbi mmoja, spika nne na deni la kodi.

Neno langu leo ni juu ya kijana huyo. Nasema kwamba uanagenzi wake hauwi uanagenzi mpaka awekwe chini ya fundi mmoja anayejulikana kwa jina, akakabidhiwa kazi moja aifuate tangu chimbuko hadi tamati. Na nasema kwamba nauli ya kumfikisha kazini isitoke mfukoni mwa mzazi wake wala katika sanduku la jumba lenyewe, ambalo ni maskini kuliko mzazi, bali itoke katika hazina ya umma.

Hali ilivyo sasa, mara nyingi, ni hii. Kijana hupokelewa kwa bashasha, huonyeshwa kiti cha plastiki karibu na mlango, na tangu siku hiyo huwa ndiye mchana tikiti, mbandika matangazo, mpiga picha wa simu, mnunuzi wa maji ya wanamuziki, na mwenye kutumwa dukani kutafuta betri saa ile ile mwimbaji anapopanda jukwaani. Miezi mitatu ikiisha, daftari lake la mafunzo, ambalo msimamizi hulitia sahihi pasi na kulisoma, huwa limejaa sentensi moja iliyorudiwa kila wiki, kwamba alisaidia katika maandalizi ya tamasha. Simlaumu mwenye jumba, kwani ana mikono michache na hakuna aliyemwomba afundishe. Barua aliyoletewa iliomba nafasi tu, na nafasi ameitoa. Kosa limo katika barua.

Ilhali elimu iliyomo ndani ya jumba kama hilo ni nyingi kuliko wanavyodhani wazazi wanaosikitika kwamba mtoto wao amekwenda kupoteza likizo kwa ngoma. Fikiri usiku mmoja wa muziki katika mtaa wa makazi kama Kahawa Sukari. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo, yupo mtu aliyepatana na bendi juu ya ujira, akaamua kama watalipwa kiasi kilichokatwa mapema au watagawana mapato ya mlangoni. Yupo aliyechagua tarehe, akijua kwamba mwisho wa mwezi watu wana mishahara na katikati ya mwezi hawana. Yupo aliyekwenda kulipia leseni ya kupiga hadharani muziki wenye wenyewe, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawalinda watunzi. Na yupo aliyebisha hodi kwa majirani, maana zipo kanuni za kelele za mwaka 2009, na zaidi ya kanuni upo ujirani, na jumba lisilopatana na majirani wake halidumu. Siku yenyewe ikifika, fundi wa mitambo huingia ukumbini ungali mtupu, akapiga makofi mara mbili tatu kusikiliza jinsi kuta zinavyorudisha sauti, akazipanga spika zisielekee mikrofoni, kwani zikielekeana huanza kupiga mluzi wa kuumiza masikio, akazikunja nyaya kwa namna ambayo kesho hazitakuwa zimejisokota, kisha akamwita kila mpigaji kwa zamu, ngoma kwanza, gitaa la besi baadaye, mwimbaji mwisho, huku akikumbuka kwamba ukumbi ukishajaa watu, miili na nguo zao zitazimeza sauti nyembamba, na hesabu yote itabidi ipigwe upya mbele ya hadhira. Mwanafunzi aliyesimama kando ya fundi huyo kwa miezi mitatu, na mwezi wa mwisho akaachiwa yeye mwenyewe usiku mmoja auendeshe, ametoka na riziki mkononi. Aliyechana tikiti miezi mitatu ametoka na barua ya shukrani.

Kuna jambo jingine ambalo vyuo havijalitia maanani, nalo ni saa. Ratiba za mafunzo zimeandikwa kana kwamba kazi zote duniani huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Na mhadhiri anayetumwa kumkagua mwanafunzi hufika saa nne asubuhi, akakuta bawabu anafagia na mlango umefungwa, akarudi alikotoka na dhana kwamba pale hapana kazi. Kazi ipo, ila imelala. Jumba la sanaa huamka alasiri na kukesha, na mwanafunzi aliyemo hutoka saa tano au saa sita za usiku, wakati matatu za Barabara ya Thika zimepungua na nauli imepanda, na kutoka steji hadi chumbani kuna vichochoro visivyo na taa. Kwa msichana, hilo ndilo linaloamua kama atayamaliza mafunzo au atayakatiza, na likiamua hivyo hakuna daftari linaloliandika. Mkaguzi na aje usiku, akae hadi mwisho, kisha atafute gari la kurudi kwake. Nadhani baada ya hapo mkataba wa mafunzo utaandikwa vingine, na utasema wazi ni nani mwenye wajibu wa kumfikisha mwanafunzi nyumbani.

Yumkini msomaji ataona kwamba nataka makubwa kutoka katika nyumba ndogo. Namkumbusha kwamba katika kaunti hii hii ya Kiambu yenye Kahawa Sukari, pale Limuru, kilikuwapo kituo ambacho hakikuwa na chochote ila watu wake. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, wakulima na vibarua wa mashamba na wa viwandani, walijenga kwa mikono yao uwanja wa maonyesho usio na paa, wenye kuketisha watu wapatao 2,000, wakaigiza humo Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, chini ya uongozi wa Kimani Gecau. Mazoezi hayakufichwa nyuma ya pazia. Mpita njia aliweza kusimama, kutazama na kutoa nasaha, na wazee waliwasahihisha waandishi wenyewe juu ya lugha impasayo mzee na lugha impasayo kijana. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga jukwaa wakawa waigizaji katika muda wa miezi michache, kwa sababu kila mmoja alikabidhiwa kazi yenye mwanzo na mwisho, naye akaulizwa habari yake mbele ya watu wote. Onyesho lilifunguliwa Oktoba 2 na leseni ikafutwa Novemba 16. Mwaka haujaisha Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Na Machi 1982 askari wakaubomoa uwanja wenyewe. Kiambu ilipoteza chuo siku ile, na mimi sijaona kikijengwa kingine mfano wake.

Huko pwani nako desturi ya kujifunza ubavuni mwa fundi ni kongwe. Vilabu vya taarabu vya Unguja, Nadi Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club kilichofuata mwaka 1958, vimelea wapigaji wa kanuni, udi na fidla kizazi baada ya kizazi pasi na muhula wala cheti. Kijana huja kusikiliza, akazoeleka, akaruhusiwa kushika ala, akakosea mbele ya wakubwa, akakemewa, akarudi kesho yake. Na mradi hajapata adabu ya kusikiliza, hapewi nafasi ya kupiga, hata awe na vidole vyepesi namna gani. Mwaka 2002 kilipoanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kikapata makao katika jumba la zamani la forodha, mafundi wa vilabu waliingizwa darasani, wakawa walimu wa ala wanazozipiga, na kwa hivyo utaratibu wa shule ukapatikana bila ya kumpoteza fundi. Naliona hilo kuwa tendo la busara kuliko mengi yaliyofanywa na wizara za utamaduni za kanda yetu. Lakini mwaka 2019 chuo hicho kililazimika kutangaza kwamba kinaweza kufungwa kwa uhaba wa fedha, na hapo ndipo penye kidonda: fundi yupo, mwanafunzi yupo, ala zipo, na nauli haipo.

Nasi hatuhitaji kwenda mbali. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics ulioanza mwaka 2008 chini ya Elizabeth Njoroge umewapa watoto wa mtaa fidla na tarumbeta, na wale waliotangulia ndio wanaowafundisha wanaofuata. Anayetaka kuona uanagenzi wa kweli wa muziki na aende huko.

Sasa nije kwenye fedha, ambazo waungwana hawapendi kuzitaja wanapozungumza juu ya sanaa. Serikali inakubali kwamba mwanagenzi hula. Ushahidi ni kwamba Tume ya Utumishi wa Umma huwalipa wahitimu wanaofanya uanagenzi katika wizara shilingi 25,000 kwa mwezi. Aidha ipo sheria inayomtaka mwajiri kutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi wake, ziingie katika mfuko wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na mwajiri anayewafundisha watu wake aweza kuomba arejeshewe gharama. Mpango huo ni mzuri kwa kiwanda chenye wafanyakazi 400. Jumba la sanaa lenye wafanyakazi watatu, wawili kati yao wakiwa wa kujitolea, huchangia shilingi chache na hurejeshewa kitu kisichotosha hata soda, ilhali huenda likapokea wanafunzi watano kwa mwaka. Kiwanda kinachopokea mwanafunzi hupata mkono wa bure. Jumba la sanaa linalomfundisha mwanafunzi kama ipasavyo humtoa fundi wake kazini ili akafundishe, nalo haliwezi. Ndiyo maana mwanafunzi huketishwa mlangoni. Itengwe basi sehemu ndogo ya mfuko huo kwa nauli na chakula cha wanafunzi waliopelekwa katika nyumba za sanaa, na kwa bakshishi ya fundi anayewalea, ilipwe baada ya kazi aliyokabidhiwa mwanafunzi kuonekana imekwisha.

Najua wapo wanaosema kwamba sanaa hulelewa na dhiki, na kwamba kijana anayelilia nauli hana kipaji. Maneno haya husemwa na watu walioshiba. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa majuma kadhaa, tangu Machi hadi Mei, na mojawapo ya mambo yaliyowatoa wodini ni ujira wa madaktari wanagenzi. Hakuna aliyethubutu kudai kwamba udaktari hulelewa na njaa. Sisemi kwamba mchana tikiti alipwe kama mganga. Nasema kanuni iwe moja: anayefanya kazi kwa ajili ya kujifunza asitozwe kwa kufanya hivyo, kama anavyotozwa leo, kwa kuwa hulipa karo ya muhula wa mafunzo, kisha hulipa nauli ya kwenda kufanya kazi ya bure.

Na jambo hili halitapungua uzito, litazidi. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia sekondari ya juu, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni sanaa na michezo. Serikali imewaambia wazazi kwamba njia hiyo ni halali na ina heshima sawa na sayansi. Vema. Watoto hao watahitaji kuona jukwaa, mitambo, studio na fundi, wala si picha za vitu hivyo kitabuni. Na mahali pa kuviona ni zile zile nyumba ndogo ambazo leo hazina uwezo wa kumlea hata mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu.

Kaunti ya Kiambu, iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya mwaka 2019, haiwezi kusingizia kwamba kazi hii ni ya Nairobi, maana Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Wakuu wa idara za sanaa vyuoni nao wanaweza kuanza bila kungoja shilingi ya mtu: waongeze katika barua ya mwanafunzi mistari miwili, mmoja wa jina la fundi atakayemlea, na mwingine wa kazi atakayoimaliza, na barua isiyojazwa mistari hiyo isipigwe muhuri. Ama wakazi wa Kahawa Sukari, Ruiru na Thika, kila mwaka bajeti ya kaunti haipitishwi kabla ya wananchi kuitwa kutoa maoni, na katika vikao hivyo watu husema juu ya barabara, maji taka na taa za mitaani. Wasiache kusema hayo. Lakini mwaka huu asimame mmoja wao aulize ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya ukumbi wa sanaa na kwa vijana wanaojifunza humo, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.