HODI YA USIKU


Wako wanaosema eti hodi ya usiku isiitikiwe, mgeni ni jambazi tu. Sisi twapinga. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, wenzetu wa kaskazini ya mto Kagera walikimbilia kusini na watoto mgongoni. Wangefungiwa milango wote, wangelala wapi? Na Wanyarwanda wa 1994 hapa Karagwe je?

Mama akibisha na mvua, mfungulieni, mpeni ndizi, kisha mwambieni mwenyekiti wa kitongoji usiku huo huo. Tahadhari ndiyo hiyo.

Lakini mlanguzi wa butura akija saa tano na tochi yake, kahawa ingali maua, mnafungua upesi, na kiti mnampa! Huyo mbona hamumwogopi, jamani?