UCHAMBUZI: Mfumo mkubwa wa tarakilishi si dawa ya kila biashara inayokua

Mwenye biashara aliyeanza na wafanyakazi watano huwajua wote kwa majina, na mshahara wa kila mmoja ameuhifadhi kichwani. Wakifika 20, daftari huingia. Wakifika 60, daftari hilo limekwisha kugeuka jedwali la Excel linaloeleweka na mhasibu mmoja tu, na siku mhasibu huyo akiugua mwisho wa mwezi, kampuni nzima hushikwa na homa.

Hapo ndipo wauzaji wa programu hubisha hodi. Mmoja huleta programu ya kusimamia wafanyakazi: mikataba, mahudhurio, likizo na mishahara. Mwingine huleta mfumo jumuishi, ule ambao mafundi huuita ERP, unaofunga pamoja uhasibu, ununuzi, bohari, mauzo, uzalishaji na hiyo mishahara katika hifadhi moja ya data. Huyu wa pili hudai kwamba ni upuuzi kununua kiungo kimoja ilhali mwili mzima unauzwa. Hoja yake inavutia, lakini kwa mwajiri wa Kenya ina kasoro ambayo muuzaji haitaji.

Kasoro hiyo ni sheria zetu. Mnamo Januari 2023, mfanyakazi wa mshahara wa Sh50,000 alikatwa Sh200 za NSSF na Sh1,200 za NHIF, kabla ya ushuru wa mapato. Februari mwaka huo, viwango vipya vya NSSF vikaanza kutumika. Julai ikaja ada ya nyumba za bei nafuu pamoja na viwango vipya vya ushuru kwa wenye mishahara minono. Ada hiyo ilipingwa mahakamani, ikasitishwa Januari 2024, kisha ikarejea Machi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHA ikaingia na asilimia yake 2.75. Desemba ukabadilika utaratibu wa kukokotoa ushuru wenyewe, na kila Februari kiwango cha juu cha NSSF kimekuwa kikipanda. Leo mfanyakazi yule yule hukatwa Sh3,000 za NSSF, Sh1,375 za SHA na Sh750 za nyumba. Jumla ni Sh5,125, badala ya Sh1,400, na KRA bado haijachukua chake.

Programu ya mishahara iliyoundwa humu nchini hurekebishwa mara moja, na wateja wote wakanufaika. Mfumo mkubwa wa ng'ambo, usipokuwa na toleo la Kenya linalotunzwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, hungoja mshauri anayetoza kwa saa. Wakati huo tarehe 9 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha makato mengi, haimngoji mtu.

Anayeumia kwanza si mwajiri. Ni mfungaji mizigo anayefika hospitalini na mtoto, akaambiwa kwamba michango yake haionekani, ingawa payslipu yake inaonyesha alikatwa. Vivyo hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite thuluthi mbili za mshahara. Katika zama hizi za mikopo ya sako na ya simu, programu isiyoikagua kanuni hiyo humweka mwajiri hatarini na mfanyakazi njaani.

Je, mfumo jumuishi hauna maana? La hasha. Swali ni pesa zinavuja wapi. Kampuni ya mabawabu yenye watu 300 haina bohari ya kutajika. Mali yake ni zamu, na hasara yake ni mlinzi anayelipwa kwa usiku ambao hakuja kazini, au mfanyakazi hewa asiyekuwepo kabisa. Hiyo inahitaji programu nzuri ya wafanyakazi, basi. Kiwanda cha mikate chenye watu 70 ni kisa kingine. Huko unga, sukari, mafuta ya magari na madeni ya maduka hupoteza fedha nyingi kuliko likizo zilizohesabiwa vibaya, na meneja asiyejua gharama halisi ya mkate mmoja hawezi kupanga bei. Huyo anahitaji mfumo jumuishi. Hata hivyo, si lazima mishahara ihamie humo: jumla zake zaweza kuingizwa katika vitabu kila mwezi kwa faili moja.

Atakayechagua mfumo huo ajue kwamba programu haibadiliki bure. Mnamo 2018, kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliutupa mradi wa SAP ulioigharimu miaka saba na takriban euro milioni 500. Chanzo kimojawapo kilichotajwa ni kwamba Lidl ilihesabu bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulitarajia bei ya kuuzia, na kampuni haikukubali kuacha desturi yake.

Hapa kwetu serikali ilikuwa na vyote viwili: IFMIS kwa fedha na IPPD kwa mishahara. Hilo halikuzuia kashfa ya NYS ya 2015, ambapo ilidaiwa kwamba nywila za maafisa zilitumiwa na watu wengine, wala halikuzuia ripoti za Mkaguzi Mkuu kutaja tena na tena kaunti zinazowalipa baadhi ya wafanyakazi kwa orodha za mkono, nje ya mfumo.

Kuna pia suala la dola. Leseni nyingi hutozwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa fedha za kigeni. Aliyetia saini mkataba kabla shilingi haijaporomoka hadi karibu 160 kwa dola mnamo Januari 2024 anaujua uchungu wake. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humfanya mwajiri awajibike kwa taarifa za watu wake hata zikihifadhiwa katika tarakilishi za ng'ambo.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, mwenye kampuni adai kwa maandishi kwamba atapewa data yake yote siku akiondoka, na ni nani atakayerekebisha makato sheria ikibadilika, kwa gharama ya nani. Kisha mishahara ya miezi miwili ilipwe kwa hesabu ya zamani huku mfumo mpya ukiendeshwa pembeni. Tofauti ya hata shilingi moja, kwa jina lolote, ielezwe kabla ya jedwali la mhasibu kufungwa.