Kikulacho ki Nguoni Mwako

Saratani ya matiti haiingii mwilini kutoka nje kama malaria. Chembe zake ni za mwili wenyewe, zilizoasi na kukataa kutii amri. Kwa sababu hiyo askari wa mwili hupata taabu kumtambua adui huyo, maana amevaa sura ya ndugu.

Hata hivyo askari hao hawakulala. Mwaka 1982 wataalamu wa London walitangaza kwamba, katika damu ya wanawake wenye ugonjwa huu, tisa hivi katika kila mia walikuwa na kingamwili za kuipinga protini iitwayo p53. Protini hiyo kwa desturi ni mlinzi, huizuia chembe yenye hitilafu isizaane. Yenyewe ikiharibika, huweza kurundikana hata mwili ukaiona kuwa kitu kigeni.

Tangu hapo zimetambuliwa protini nyingine nyingi za namna hiyo. Faida yake ni kubwa, kwani protini ikijulikana huweza kuwa shabaha ya dawa. Mojawapo ni HER2, ambayo katika baadhi ya saratani za matiti huzidi mno na kuzihimiza chembe zizaane. Trastuzumab, kingamwili iliyotengenezwa maabarani, huishika HER2, huipunguzia nguvu, tena huwaita askari wa mwili waje vitani. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1998.

Lakini tusijidanganye. Kipimo kinachowaona tisa na kuwakosa tisini na mmoja hakiwezi kukabidhiwa ulinzi peke yake. Ndiyo sababu wataalamu wanajaribu kupima protini kadhaa kwa pamoja. Mwanamke aliyehisi uvimbe asingoje kazi hiyo ikamilike. Aende hospitali leo.

Liko pia jambo la haki. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, miaka 17 baada ya idhini ya Marekani. Mwaka 2019 likaithibitisha dawa ya kwanza iliyo mfano wake, kwa nia ya kushusha bei. Mwaka 2022 saratani ya matiti iliua watu 670,000 hivi duniani. Maarifa yasiyomfikia mgonjwa ni shoka lisilo na mpini. Twasema basi: wanaotafuta protini waongeze bidii, na wenye mamlaka juu ya bei na hospitali nao watimize wajibu wao.