Kijana Wako Akisema Anataka Kuwa Kocha

Huenda umewahi kumsikia kijana wako akitangaza mezani kwamba hataki kuwa daktari wala wakili, anataka kuwa kocha wa kandanda. Wazazi wengi hapo hukohoa, kisha hubadilisha mazungumzo. Baba huuliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo. Leo tumjibu baba huyo, na jibu tulitafute Bungoma.

Huko ndiko alikofariki James Siang'a, mnamo Septemba 2016. Vijana wa siku hizi hawamjui sana. Alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa Harambee Stars, na alikuwa katika kikosi kilichoipeleka Kenya kwa mara ya kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Cameroon mwaka 1972. Alipotundika glavu, akageukia ukufunzi. Aliifunza Gor Mahia, akaifunza Harambee Stars, akavuka mpaka na kupewa timu ya taifa ya Tanzania.

Lakini kama kuna usiku mmoja wa kumkumbuka nao, ni ule wa Cairo, mwaka 2003. Siang'a alikuwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam. Nyumbani Simba ilikuwa imeilaza Zamalek 1-0. Zamalek hawakuwa wageni wa kawaida. Wao ndio waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Cairo mambo yakageuka, Simba ikafungwa 1-0, mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Kipa Juma Kaseja alisimama imara, Simba ikashinda 3-2 na kuingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba, ASEC Mimosas na Ismaily. Ilichukua miaka kumi na mitano Simba kuiona tena hatua hiyo. Kumbuka pia kwamba aliyekuwa akimwelekeza Kaseja kutoka kwenye benchi alikuwa naye amelinda lango maisha yake yote ya uchezaji.

Sasa, usimwonyeshe kijana Cairo peke yake. Mwonyeshe pia orodha ya timu. Siang'a alihama kutoka klabu hii hadi ile, kutoka nchi hii hadi ile, na hivyo ndivyo waishivyo makocha wa klabu. Mkataba ni mfupi, na mechi tatu mbaya zinatosha kumfungisha mtu virago. Hata klabu yenyewe inaweza kuteleza: Nzoia Sugar, timu ya kiwanda cha sukari ambayo watu wa Bungoma walizoea kuitazama uwanjani Sudi, ilishushwa daraja kutoka Ligi Kuu mwaka 2024. Timu ikishuka, kocha na jamii yake hushuka nayo.

Ndiyo sababu mimi humtazama kwa heshima zaidi kocha wa shule. Huyu ni mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu kufundisha masomo yake mawili, labda Jiografia na Kiswahili. Michezo ni mzigo wa ziada. Asubuhi yuko darasani, jioni yuko uwanjani na filimbi, na Jumamosi yuko ndani ya basi. Akishapata kikosi kizuri, wanafunzi wanahitimu wanakwenda zao, naye anaanza upya na watoto ambao hawajui hata kurusha mpira. Shule kama St. Anthony's ya Kitale, Musingu na Kakamega High zimejijengea jina katika kandanda kwa kazi ya aina hiyo. Magazeti humtaja mfungaji wa bao. Mwalimu hutajwa timu ikishindwa!

Na usidhani kazi hiyo haifiki mbali. Mwaka 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, kufundisha Jiografia. Riadha hakuwa ameisomea popote. Akaanza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, Peter Foster, kisha akaachiwa timu. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, alipitia shule hiyo, na baadaye O'Connell akamfunza David Rudisha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012, kwa dakika 1 sekunde 40.91.

Kwa hiyo kijana wako akiendelea kushikilia neno lake, usimkatize. Mwambie asome ualimu kwanza, kwa maana mshahara na malipo ya uzeeni hayategemei matokeo ya Jumamosi. Wakati huohuo aanze kutafuta leseni za Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ambazo hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro. Asizidharau: CAF haimruhusu kocha mkuu kuketi kwenye benchi katika mashindano yake ya klabu bila leseni ya A, au inayolingana nayo, au ya juu zaidi. Wachezaji wengi mashuhuri wamekwama hapo.

Na asingoje cheti ndipo aanze. Karibu kila shule ya msingi mtaani ina watoto wa miaka kumi na miwili wanaokimbizana na mpira jioni bila mtu wa kuwaangalia. Aende kwa mwalimu mkuu, aombe ruhusa, awachukue hao kwa muhula mmoja mzima, mvua na jua. Muhula ukiisha, muulize tena mezani.