Kabla ya Kusaini, Tulione Lori

Jioni moja tulikuwa tunapika ugali mlango ulipobishwa. Aliingia mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Tulimkaribisha sebuleni akakataa, akavuta kigoda akaketi papo hapo jikoni. Baada ya salamu alifungua pindo la kanga yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya benki.

"Dada," alisema, "baba watoto anataka nisaini. Tunaweka nyumba tupate mkopo wa kununua lori la kubeba mboga. Yeye amekwisha liona. Anasema ni zuri, tena limetembea kidogo. Mimi nitajuaje?"

Wengi wetu tumewahi kukaa alipokaa mama huyu. Tunaletewa karatasi, tunaonyeshwa pa kutia saini, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la injini tunaona haya kuuliza. Tulimwambia kwanza kwamba saini yake haiombwi kwa hisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hazimruhusu mume kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke wake. Ikiwa sheria inamtaka aridhie, basi ni haki yake kuona anachoridhia. Hakuna utovu wa adabu kumwambia mume, "Baba, kabla sijasaini twende pamoja nikalione hilo lori."

Tulikuwa na sababu ya kumhimiza. Nyumbani kwetu tuliwahi kununua pikapu ya dizeli iliyosoma kilomita 71,000. Tuliiamini ile namba kama tunavyoamini kalenda ukutani. Fundi alituambia injini ile ina mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, nasi tukapiga hesabu kwamba bado tuna muda. Mkanda ulikatika mita ikisoma 84,000. Injini ya dizeli mkanda ukikatika inatembea, pistoni hugonga valvu, na ndivyo ilivyokuwa. Fundi alipofungua alituonyesha mkanda uliopasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, akasema huu umekwisha siku nyingi. Fedha ya ada ya mtoto wetu wa pili iliingia humo, na muhula ule mtoto alirudishwa nyumbani mara mbili. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba namba ya uongo haikuibii siku ya kununua peke yake. Inaendelea kukudanganya kila unapopanga matengenezo.

Sisi tuliofanya kazi kliniki ya watoto tunajua kitu kimoja kuhusu namba. Mama akileta mtoto mwenye kilo 9, hizo kilo 9 peke yake hazituambii neno. Tunaomba kadi. Tunatazama mwezi uliopita alikuwa na ngapi, na mwezi wa kabla ya huo, na mstari unapanda au umelala. Mita ya lori ni uzito wa siku moja tu. Anayenunua atafute kadi.

Kwa lori lililotoka Japani, cheti cha kuliondoa huko kwa ajili ya kuuzwa nje huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Muuzaji akiwa nacho, linganisha. Lori lililotoka Uingereza huenda mita yake inasoma maili, na maili moja ni kilomita 1.6, hivyo 100,000 yake ni kilomita 160,000. Zile mita za zamani zenye magurudumu ya namba, tazama kama tarakimu zimekaa mstari mmoja au moja imeinama, na kama skrubu za dashibodi zina mikwaruzo ya bisibisi. Mita za kisasa za umeme hubadilishwa kwa chombo bila kuacha alama hata moja, kwa hiyo usidhani ya kisasa ndiyo ya kweli zaidi. Herufi tatu za mwisho za namba ya gari nazo husaidia. Zinaonyesha takriban lini gari lilisajiliwa hapa Tanzania, japo hazisemi lilitengenezwa lini.

Basi Jumamosi tulikwenda wote watatu, yule mama, mume wake na sisi. Hatukwenda kumsuta shemeji, na tulihakikisha analijua hilo kabla hatujatoka. Tulimchukua pia fundi wetu, mzee anayetengeneza magari ya misheni tangu tukiwa wasichana, tukamlipa sisi wenyewe nauli na mchana wake. Fundi anayeletwa na dalali hulipwa na dalali.

Lori lilikuwa limeoshwa hata chini, linang'aa. Mita ilisoma 96,210. Mwenye lori, mtu mchangamfu sana, alitueleza bila kuulizwa kwamba analo mwaka wa sita sasa, na kwamba kila wiki lilikuwa linapeleka mboga Dar es Salaam, halijawahi kulala njaa. Tulitoa kalamu. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190, kwenda na kurudi 380. Mara wiki 52 ni 19,760 kwa mwaka. Kwa miaka 6 ni 118,560. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kupita mita yake, na hapo hatujahesabu miaka ya Japani, maana lori lenyewe lilikuwa limevuka miaka 20. Ukigawa zile 96,210 kwa miaka 20 unapata kilomita 13 kwa siku. Hazikutoshi kutoka mjini kwenda Mzumbe. Lori la biashara gani hilo?

Hatukusema kitu. Tulimwonyesha shemeji karatasi, akaitazama, akaikunja.

Fundi aliinua kichwa cha lori, akaweka kiganja karibu na injini, akatuita. Ilikuwa ya moto. "Nimeliwasha kidogo lisiwasumbue," alisema mwenye lori. Mzee wetu akashusha kichwa na kusema kwa upole kwamba tutarudi Jumatatu alfajiri, na tafadhali mtu asiliguse kabla hatujafika.

Hapa tueleze, maana ndilo jambo kubwa kuliko yote katika dizeli. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hubana hewa kwa nguvu hadi hewa hiyo iwe ya moto ya kutosha kuunguza dizeli inayonyunyizwa na nozeli. Ringi za pistoni zikichoka, hewa huvuja, haibanwi vizuri, na asubuhi yenye baridi injini hukataa kuwaka. Ikishapata moto hujificha, kama mgonjwa wa kifua anayekohoa alfajiri tu kisha mchana anakuja kliniki anacheka. Ndiyo maana muuzaji mwerevu huipasha kabla hujafika. Gusa kwanza. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

Jumatatu tulifika kabla ya saa kumi na mbili, kuna ukungu unashuka kutoka Uluguru. Injini ilikuwa baridi. Fundi alianza na rejeta, kwa sababu rejeta hufunguliwa ikiwa baridi tu. Tumefunga vidonda vya kutosha vya watu waliofungua ya moto. Maji yalikuwa safi, hayana utando wa oili. Alichomoa kijiti cha oili. Ilikuwa nyeusi, na yule mama akatushika mkono kwa hofu, lakini oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, hiyo si kasoro. Kasoro ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia.

Kisha likawashwa. Lilizunguka, likazunguka, likakata. Mara ya tatu likashika kwa kukohoa, likatoa moshi mweupe. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi ni dizeli isiyoungua, huweza kusamehewa. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, pengine ni maji yanaingia kwenye silinda. Moshi mweusi mzito ni dizeli kuzidi hewa, labda chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka, na mara nyingi hutengenezeka bila kufumua injini. Wa bluu ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu hiyo ni oili inaungua. Tulisimama pale robo saa. Mweupe uliisha, wa bluu ukabaki.

Fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Mvuke ulitoka kwa mapigo, puu, puu, puu, kama sufuria ya maharage. Injini nzima hutoa kidogo tu. Ikitoa kwa nguvu namna ile, ujue hewa ya silinda inapita kando ya pistoni.

Wakati wao wanashughulika na injini, sisi tulimwambia yule mama apande aketi kwenye kiti cha dereva, atazame kwa macho ya mtu anayefua na kusugua kila siku. Anajua nguo iliyovaliwa mwaka mmoja na iliyovaliwa mitano. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa mpya kabisa, lakini chuma chenyewe kilichoubeba kimelika pembeni. Usukani ulivalishwa kava jipya. Chini ya kava ulikuwa laini kama mpini wa jembe la bibi. Alishusha kibao cha kukinga jua atazame nyuma yake, kadi ndogo ya gereji ikamwangukia mapajani.

Iliandikwa kwa kalamu ya wino: imebadilishwa oili kilomita 187,400, ijayo 192,400.

Hakupiga kelele. Alimwita mume wake akampa. Shemeji aliisoma, akatazama mita, akaisoma tena. Mwenye lori alisema hiyo itakuwa kadi ya gari jingine, lakini namba ya gari ilikuwa imeandikwa juu, ni ile ile. Tulishukuru, tukaondoka. Njiani shemeji hakusema neno hadi tulipofika stendi, ndipo alipotuambia, "Shemeji, nilikuwa nimekwisha mwahidi malipo ya awali Ijumaa."

Isije ikaeleweka kwamba kilomita 187,400 ni nyingi mno. La hasha. Injini ya dizeli iliyotunzwa vizuri huvuka 300,000 na zaidi. Tena kilomita zenyewe hazifanani. Lori la kubeba mchanga mtoni, linalokwenda kwa gia ya kwanza na ya pili mzigo ukiwa umezidi, kilomita 50,000 zake ni nzito kuliko 150,000 za lori linalokimbia kwenye lami. Hilo utalijua kwa kuchungulia chini: springi zilizoongezwa majani, chasisi yenye viraka vya kuchomelea, matairi yaliyolika upande mmoja. Lori la mchanga hatungemshauri mtu anunue hata mita yake ikiwa ya kweli.

Wiki tatu baadaye walipata jingine, la mwalimu mstaafu. Hili lilisoma kilomita 241,350, na dalali alitaka kulificha kwa aibu ya namba hiyo. Lakini mwalimu alikuwa na daftari. Kila oili, kila chujio, kila nozeli iliyotolewa kupimwa, tarehe na kilomita kwa mwandiko wa ubao, tangu aliponunua. Alfajiri liliwaka mara ya kwanza. Klachi ilikuwa karibu kwisha na matairi mawili ya nyuma hayafai, mwalimu akakiri mwenyewe na kupunguza bei. Walilijaribu likiwa na magunia, wakalipandisha njia ya Mgeta hadi kwenye kona kali. Halikuchemka, na moshi ulikuwa mwepesi. Namba ya chasisi ilikuwa sawa na ya kwenye kadi, na walikwenda TRA kuhakikisha jina la mwenye gari kabla hata shilingi haijatoka. Faini za barabarani nazo waliziangalia. Kulikuwa na moja, mwalimu akailipa.

Ndipo mama yetu alipotia saini.

Jumapili iliyopita alitupita baada ya ibada ana haraka, lori linapakia kabichi. Alifungua mlango kutuonyesha daftari jipya limefungwa kwa kamba kando ya kiti. Mstari wa kwanza unasema 241,350, klachi mpya. Wa pili ni oili. Dereva amekatazwa kulitoa humo, na kila Ijumaa jioni yule mama hupanda mwenyewe kusoma mita.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutarudi kwenye barua zenu nyingi kuhusu watoto wanaokataa uji.